Siku Niliyokwenda Shella Kuomba Kulea Mtoto

Mwanangu, siku niliyokwenda kuomba kazi ya kulea mtoto mtaa wa Shella, pale Malindi, ningali naikumbuka. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kila ofisi ya Malindi niliyobisha hodi ilinirudisha. Wadogo zangu kule kijijini Jilore walinitazamia mimi. Ndipo shangazi Kadzo, aliyekuwa akiuza mboga mtaani, akasikia kwamba mteja wake Bi Zuhura anatafuta mlezi wa mjukuu, maana mama mtoto anarudi kazini.

Shangazi akanipeleka, na njia nzima nilijihoji kwa sauti ya chini. Nikiulizwa nimewahi kulea, niseme nimelea wadogo zangu, au watanicheka?

"Utachoka hata hujafika," shangazi akasema.

Tulikaribishwa, nikaamkia. Bi Zuhura na shangazi wakaingia jikoni na kapu la mchicha, kichanga akabaki mkekani mbele yangu. Mara akaanza kulia. Mikono ilitaka kumbeba, moyo ukakataa. Kwetu aliyetoka njiani hamshiki mtoto mchanga kabla ya kupumzika na kunawa. Je, hapa? Nisipombeba, wataniona mvivu. Nikimbeba, wataniona sina adabu. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Bi Zuhura akachungulia. "We binti, mtoto analia nawe wacheza ngoma?"

"Shikamoo, bibi."

"Ushaniamkia! Sema, wataka nini?"

"Nimetoka juani, na sijui kwenu mwafanyaje. Nimbebe hivi hivi, au ninawe kwanza?"

Aligeuka akaingia jikoni. Kisha akaniletea kata ya maji. "Nawa. Mlezi aliyekuja jana hakuuliza, alimvamia mtoto na jasho lake. Nimemrudisha kwao."

Nikanawa, nikambeba. Hakunyamaza, mwanangu, alizidi kulia. Lakini Bi Zuhura alirudi jikoni, akaniachia mtoto, nami nikajua kazi nimeipata.

Basi ukiitaka kazi hii, mtafute anayekujua akupeleke kwa anayemjua. Usione haya kuwataja wadogo uliowalea. Na kila nyumba ina desturi zake za mtoto: uliza anakulaje, analazwaje, nani aruhusiwa kumshika. Wasiwasi hautakuisha, wangu haujaisha hata leo. Ila usiufungie kifuani. Ufanye swali, uliza.

Mungu akufungulie mlango wa heri, na kila mtoto utakayekabidhiwa asubuhi, jioni umrudishe salama mikononi mwa mama yake. Amina.