Sombe kwenye kanzu ya baba mukwe

Leo nimemushonea baba mukwe wangu sombe, majani ya muhogo tunayopika, kwenye kifua cha kanzu, na bado hajanifukuza kwake.

Panya walitoboa kanzu yake ya Ijumaa, pale pale mbele. Saa ya kusali imekaribia. Uzi mweupe hakuna, iko wa kijani tu.

Basi nikaziba tundu kwa kushona jani la muhogo na uzi ule. Vidole vyote vya jani, mpaka mishipa yake.
(Sikatai, nilinogewa. Nyinyi mungeshona nini?)

Muzee akaangalia. Akaangalia tena.

"Mama Zawadi, niende kusimama mbele ya Mungu na sombe?"

"Baba, hata sombe ni ya Mungu."

Akaivaa, akatoka bila kuaga. Mimi nikabaki jikoni na haya yangu. Nimemufanya muzee wa watu achekwe na muji muzima wa Kasongo!

Kisha kusali akarudi na wazee wenzake wawili, wanacheka. Nikainamisha kichwa.

Kumbe wamekuja kuniuliza jani lile nililishona namna gani.

Walipoondoka, muzee akaleta kanzu yake ya pili, akaiweka kwenye magoti yangu.

"Hii panya hawajaigusa," akasema. "Lakini nayo uitie sombe."