Kumfuata Shangazi Kwenye Mizabibu

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nikiwa nimesimama. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, kama wengi pale Kilosa, na mimi ndiye niliyezungusha mitumba: leo mnadani, kesho Mikumi, siku za mishahara ya wakata miwa nipo Ruaha. Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeleta nguo za kila aina, ila wa kuzinunua walikuwa walewale.

Ndipo baba akaniita nyumbani kwake Magomeni, palepale Kilosa.

"Shangazi yako amefiwa na mume, mtoto hana, na zabibu zenyewe siku hizi hazina mnunuzi. Nenda kamlete. Dada yangu hatazeekea ugenini."

Sikumwambia kwamba shangazi alikuwa amezeeka kitambo. Nilipanda basi hadi Dumila, nikapata jingine la Dodoma, na kutoka hapo nikadandia lori hadi kwenye mji mdogo ambao watu wa kwetu waliujua kwa jambo moja tu: mizabibu iliyopandwa na mapadri enzi za babu zetu.

Nilitarajia pilikapilika. Nikakuta kimya. Barabara ya mchanga, kanisa la mawe, maduka yaliyofungwa mchana kweupe, na mizabibu imetambaa juu ya waya hadi macho yanapoishia. Mashamba mengine yalikuwa yametelekezwa, vichala vimekauka palepale juu, nyuki wamevizonga.

Shangazi alikuwa uani, ananoa mkasi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Ingia ndani ulale."

Nililala. Niliamka siku ya pili, jua limeshapinda, nikala ugali wa uwele kwa mlenda, nikalala tena. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yalinitoka. Kupitia dirishani nilimsikia akiongea Kigogo na jirani yake, wanacheka. Nadhani walikuwa wananicheka mimi.

"Hivi umekuja kunichukua, au umekuja kulala?" aliniuliza nilipotoka hatimaye.

Niliona aibu. "Baba amenituma nije nikuchukue."

"Najua. Njoo tupogoe kwanza."

Mizabibu ya marehemu mumewe ilikuwa na mashina manene, yamejipinda kama viungo vya mtu mwenye baridi yabisi. Alinionyesha pa kukata na pa kuacha. Haikupita muda mrefu mabega yakaanza kuwaka moto. Nikamuuliza anapogoa ya nini, na hakuna anayenunua.

"Nisipopogoa, msimu ujao haizai. Nikose mnunuzi, nikose na zabibu?"

Tukaendelea. Tulipofika katikati ya mstari akasema, bila kunitazama, "Nikija Kilosa nitakaa wapi?"

"Kwangu, shangazi."

"Kwako wewe unalala lini, hata unikaribishe mimi?"

Nilikaa chini, juu ya matawi tuliyoyakata, nikalia. Hakuna aliyekuwa amenikosea. Mwili tu ulikataa kuendelea. Shangazi hakunibembeleza. Alipogoa hadi mwisho wa mstari, ndipo akaniletea maji kwenye kata, akasimama pembeni mpaka nikayamaliza.

Nilirudi peke yangu. Baba hakutaka hata kunisikiliza. Alivaa koti lake la kanisani akaenda mwenyewe, akiapa kwamba yeye hatarudi mikono mitupu.

Alikaa huko zaidi ya mwezi. Siku aliyorudi nilimkuta kibarazani kwake, yuko peke yake, amekuwa mweusi kwa jua, viganja vimechubuka. Nilimsalimia, nikasubiri aanze kugomba. Aliomba chakula, akala polepole, akanawa.

"Shangazi je?" nikauliza.

"Yupo. Mistari iliyobaki ni mingi, na nguzo zimeliwa na mchwa. Nitarudi kumsaidia mvua zikiisha."

Na kweli alirudi, tena na tena, mpaka magoti yake yalipomkatalia. Habari ya kumhamisha dada yake sikuisikia tena mdomoni mwake.

Mimi, kesho yake baada ya baba kurudi mara ile ya kwanza, nilifunga mitumba yangu nikaenda Mikumi. Mvua ilinyesha kutwa. Nilitandika turubai juu ya nguo, nikakaa chini yake na wauzaji wenzangu, tukisubiri ikatike.