Mafuta kwenye Miche ya Hamisi

Nikikumbuka ujana wangu, mwanangu, siku inayonirudia ni ile niliyokubali kupaka majani mafuta. Ningesema hapana, yangeishia hapo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi na rafiki yangu Hamisi, mtu wa Makongeni, tulikuwa na kitalu cha miche ya avokado Ruiru, kando ya barabara ya vumbi. Yeye alipandikiza, mimi niliuza. Wiki hiyo alikuwa kwao, kwenye matanga ya shangazi yake. Mteja akaja, akayatazama majani yaliyojaa vumbi.

"Njoroge, Jumamosi naleta wageni wa kununua. Hizi zing'ae. Paka mafuta ya kupikia."

Nilijua si sawa. Shuleni mwalimu alituonyesha kwa hadubini vitundu vidogo vilivyo chini ya jani. Humo jani huvuta hewa ya kaboni ya kutengenezea chakula, na humo hutoa oksijeni na mvuke; mafuta yangeviziba. Lakini nilitaka kuonekana hodari. Nikachukua kitambaa, nikapaka safu za mbele, juu na chini.

Jumamosi wageni walisifu. Siku chache baadaye majani yakawa manjano, yakaanza kudondoka.

Hamisi aliporudi aliniuliza, "Nini imekula miche?"

"Ugonjwa," nikasema.

Basi akafanya anavyofanya mtu wa kitalu akisikia ugonjwa: aling'oa yote, hata safu za nyuma ambazo sikuzigusa, akaichoma isije ikaambukiza mashamba ya jirani. Mimi nilimsaidia kubeba.

Moto ulipokuwa unazimika, aliokota jani lililoanguka, akalisugua kwa kidole, akalinusa.

"Haya ni mafuta. Si wewe ndio wa kidato cha nne? Mimi sikusoma, na najua jani linapumua." Akalitupa motoni. "Ungeniambia asubuhi, tungeosha hizi na maji ya sabuni. Za nyuma zingekuwa hai."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Mche mmoja kati ya niliyoipaka ulisahaulika nyuma ya pipa. Niliuosha. Majani yake yote yalianguka, na kwa muda mrefu ulikuwa kijiti tu, kisha ukachipua mapya, safi. Kutoka kwake nilipata vikonyo vya kupandikiza vya kitalu changu cha leo. Majani nayaosha kwa maji, basi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa ufanye jambo unalojua linaharibu, kataa hapo hapo, hata kama anayekuambia ana pesa. Na ukiwa umeshakosa, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa lililosemwa mapema huoshwa. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na rafiki wa kukusikiliza. Mimi nilikuwa naye. Hamisi alihamia mtaa wa Landless, akaanzisha kitalu chake, na hadi alipozikwa hatukuwahi kufanya kazi pamoja tena.