Kulungu Ndani ya Walsi ya Arlys

Ervin Zastrow alikamua ng'ombe miaka arobaini na minne, akapiga akodiani miaka hamsini, na hakuwahi kusoma nota hata moja. Nota kwake zilikuwa nzi waliotua kwenye uzio. Kuwajua nzi hao ilikuwa kazi ya mkewe, Arlys. Kila mwaka Arlys alitunga walsi mpya, muziki wa dansi wa mapigo matatu, akaiandika kwenye kompyuta, na kompyuta ikaipiga. Ervin alikaa pale jikoni akaishika kwa sikio, kisha akawafundisha wenzake wa bendi, nao wote ni watu wa masikio tu. Ilipigwa kwenye dansi ya parokia, Jumamosi moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Miaka thelathini na moja bila kukosa.

Arlys alifariki Septemba. Walsi ya mwaka huu aliimalizia kitandani, kompyuta mapajani. Hakuna mwingine aliyeisikia. Sasa dansi imebakiza siku tano, na kompyuta imeshikwa na kwikwi.

Walsi ilianza vizuri, halafu kimya. Ikaendelea kidogo, ikakwaruza kama ukucha kwenye ndoo, kimya tena. Ervin hakushtuka. Arlys alikuwa mtu wa vituko. Akajifunza walsi na mapengo yake, akabeba akodiani hadi kwa jirani yake Norbert Kuczmarski, mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, kwenye bendi.

Norbert alisikiliza huku akitafuna jibini.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Arlys."

"Alikuwa amelewa?"

"Chunga mdomo wako."

"Nauliza tu, mzee mwenzangu. Mwenye nyonga ya bandia akiicheza hiyo, tunamzika Jumatatu."

Wakaenda wote kuisikiliza kwenye kompyuta. Mapengo yalikuwepo, ila mahali pengine. Wakarudia. Pengine tena.

"Huyu si Arlys," Norbert akasema. "Arlys akisema neno, kasema. Hii ni mashine."

Norbert akaanza uganga wake. Akapuliza matundu ya kompyuta. Akaongeza sauti, na ule mkwaruzo ukamtimua paka jikoni. Akazipiga spika makofi. Ervin akachomoa spika akavaa za masikioni: kwikwi ile ile. Basi spika hazina kosa, akasema, na Norbert akaziomba radhi.

Ikabidi ampigie simu binti yake, Renae, mwalimu wa muziki kule Milwaukee.

"Baba, usiguse kitu mpaka nikuambie."

"Norbert keshagusa."

"Mwambie Mjomba Norb akae kitini, mikono mapajani."

Norbert akakaa.

"Unalikumbuka tangi la maziwa?" Renae akasema. "Kompyuta inatengeneza sauti kidogo kidogo, inaitia tangini, spika zinakunywa humo. Tangi likiwa dogo, mashine ikichelewa kidogo tu, spika zinakuta tangi tupu. Ndiyo hicho kimya."

"Kwa hiyo tangi liwe kubwa."

"Umewashinda wanafunzi wangu wote. Fungua mipangilio ya sauti. Unaona mia moja ishirini na nane? Weka elfu moja ishirini na nne."

Ervin akaweka, kwa kidole kimoja. Mapengo yakapungua. Yalikuwa hayahesabiki, yakabaki matatu.

"Kuna kitu kingine humo kinakunywa maziwa yetu, Baba. Chunguza kona za kioo cha kompyuta."

Jumatano Ervin alikaa peke yake, macho kwenye kioo. Walsi ikaanza, ikakatika. Pale pale, kwenye kona ya chini, ikaibuka picha ndogo: kulungu jike.

Ervin akakumbuka. Oktoba alifunga kamera kwenye mwaloni nyuma ya zizi, apate kujua kulungu wanapita saa ngapi. Mkwe wake aliiunganisha na kompyuta ya Arlys, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Kila mnyama akipita, kompyuta inaacha yote ipokee picha.

Akapiga tena. Pengo, na kindi. Akapiga tena. Pengo, na sungura. Walsi nzima ya mkewe ilikuwa inakanyagwa na wanyama wa msitu. Mara ya nne, pengo lilikuwa refu, na kwenye kona akatokea dume la kulungu, pembe zake zina ncha kumi na mbili. Ervin alikuwa akilisaka miaka mitatu.

Akalitazama sana. Kisha akampigia Norbert.

"Dume limerudi. Kulungu akipita mbele ya kamera, walsi inakatika. Naizima."

"Una wazimu? Msimu unafunguliwa wiki ijayo. Utajuaje linapita saa ngapi?"

"Sitajua. Nitajua walsi."

"Basi dume ni langu."

"Usisahau kuniletea soseji ya nyama yake."

Akaifunga programu ya kamera. Hakujiamini, akachukua ngazi, akaishusha kamera yenyewe, akaitia droo ya soksi.

Walsi ikatoka nzima, laini kama krimu. Ervin akafumba macho. Karibu na mwisho, kabla ya mzunguko wa mwisho, kimya. Mapigo matatu. Akafumbua macho, akatazama kona. Hakuna picha. Akaenda kuangalia droo. Kamera ipo. Akapiga tena: kimya, pale pale. Mara ya tatu, pale pale.

"Renae, kuna kulungu mmoja kabaki."

"Simamisha hapo hapo. Unaona nini kwenye mistari?"

"Kitofali kidogo kinaning'inia."

"Hilo ni pumziko, Baba, alama ya kunyamaza. Mama kaliandika."

Miaka hamsini Arlys alimwambia: unajaza kila nafasi, Ervin, waache watu wavute pumzi. Naye hakusikia hata siku moja. Sasa kamwandikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walsi ya thelathini na mbili ikaenda vizuri, viatu vikisugua sakafu. Walipofika mahali pale, vidole vya Ervin vikaacha vitufe. Bendi ikanyamaza. Watu wakabaki wameshikana, mguu mmoja juu.

Katika kimya hicho Norbert akaitoa tuba mdomoni, akasema taratibu:

"Kapita kulungu."

Ervin akacheka mpaka akodiani ikatoa mlio wenyewe. Nusura akose kuingia kwenye mzunguko wa mwisho. Lakini aliingia.