Kucha ya Gumba na Bluberi za Juu Embu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa jina. Niliambiwa nionyeshe kucha. Bwana Shamba, Mzungu aliyesimamia kitalu cha serikali upande wa juu wa Embu, alitaka mwanamke mwenye kucha ya gumba ndefu na nzima. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya kupigania uhuru. Waume zetu walikuwa kizuizini, nasi tulichimbishwa mtaro mpana kando ya msitu ili wapiganaji wa msituni wasishuke kutafuta chakula. Kucha zangu nyingi zilikuwa zimevunjika, lakini ya gumba ilisalia. Nikaajiriwa pamoja na wanawake wengine wachache.

“Mti hii ikikufa,” akatuambia, “nyinyi yote narudi mtaro.”

Miti yenyewe ilikuwa bluberi, kichaka cha kimo cha mtu chenye tunda dogo la samawati. Kwao Ulaya na Amerika hulala majira ya baridi, na isipolala haichanui vizuri. Baridi yetu ni ya usiku tu. Jua likitoka imekwisha. Kwa hiyo Bwana Shamba alileta aina mbili, yenye usingizi mrefu na yenye usingizi mfupi, azizalishe pamoja apate mche wa kufaa kwetu. Miche mingine aliipeleka Ishiara, kule nyanda za chini, ikaungua kwa joto. Nilijua itaungua, ila hakuniuliza.

Kuzalisha kulikuwa hivi: unafungua ua changa, unatoa sehemu za kiume kwa kibano. Kutoa huko tuliita kuhasi, na tulicheka sana kwa jina hilo. Kisha unagonga ua la aina ya pili taratibu, chavua inamwagikia kwenye kucha ya gumba, nawe unaigusisha kwenye lile ua lililohasiwa. Unalifunika kwa kitambaa nyuki wasije kuharibu hesabu. Nasema bila haya kwamba hakuna aliyenishinda kazi hiyo.

Halafu majani yakaanza kugeuka manjano. Mama Ciambaka, nyapara wetu, alikuwa akimwaga jivu la jikoni kwenye mashina kila alfajiri. Alifanya kwa upendo. Kwetu mmea ukilegea hutiwa jivu, na maharagwe hushukuru. Bwana Shamba alipoliona alishika kichwa.

“Jivu natengeneza udongo tamu. Bluberi nataka chachu. Sasa natoa wapi?”

“Iko kwa mtaro, Bwana,” nikasema. “Ile tumetupa juu. Haimei kitu, ni magugu ya msitu tu.”

Akaenda akauonja udongo huo kwa ulimi, akarudi akatupatia karai na homugadi, askari mlinzi wa kijiji, wa kutusindikiza. Hivyo nikarudi mtaroni kwa miguu yangu mwenyewe. Dada yangu Wanja alikuwa chini, matope magotini. Nilimwonea uchungu, na nilijionea aibu kwa leso yangu safi.

“Umefukuzwa?” akauliza.

“Hapana. Nimetumwa udongo.”

“Huu wetu? Nao wanautakia nini huko?”

“Wanaotesha matunda.”

Akacheka mpaka homugadi akamwonya. Kisha akanijazia karai, akalishindilia kwa viganja. “Beba, mwana wa maitu, mtoto wa mama yangu. Ikishika, usinisahau.”

Tulibadilisha udongo shina kwa shina. Mvua zilipokuja majani yakarudi kijani, na msimu uliofuata tukachuma. Bwana Shamba alitafuna tunda la kwanza akiwa amefumba macho.

“Maua ni mengi kuliko mikono,” nikamwambia. “Nahitaji dada yangu.”

“Yeye iko na kucha?”

“Zitaota.”

Zikaota. Wanja alifanya kazi kando yangu hadi Hali ya Hatari ilipoondolewa na mtaro kufukiwa. Baadaye nilihamishiwa Meru chini ya Afisa wa Kahawa, mtu mkali lakini wa haki, nikapandikiza kahawa hadi nilipostaafu. Bluberi zetu ziling'olewa na waliokuja baadaye, wakapanda chai. Leo vijana wanazilima tena chini ya neti, na wananiuliza siri. Siri ni udongo mchachu, mbegu inayojua usingizi wa mahali pake, na subira.

Wanja sasa ni ajuza kama mimi, tunaishi naye mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu. Mjukuu humkata kucha kila Jumamosi. Ya gumba haruhusu iguswe.