Bibi yangu alivyokunywa wanyama wa matope ya Mbegani

Wakuu wenzangu wa chuo cha Kurani, salaam aleikum.

Najua mkiona mwandiko wangu mnacheka kabla ya kusoma. Leo ni kweli tupu. Anayebisha aje nyumbani amuulize Bibi mwenyewe, kama ana ubavu.

Mnamjua yule Mzungu aliyepanga chumba chetu cha chini. Huko sokoni wanasema anatafuta dhahabu baharini. Wapi! Anatafuta wanyama wanaoishi ndani ya matope, chini kabisa ya bahari, wadogo hata jicho haliwaoni.

Anachota matope Mbegani, anachota Winde, anayasuuza, anayatia rangi nyekundu ili wanyama waonekane, kisha anatazama kila mahali pana aina ngapi.

Nilimcheka mpaka siku aliponipa hadubini yake nichungulie.

Wakuu! Kuna wembamba kama unywele, kuna mwenye jicho moja katikati ya uso, kuna wenye nyumba za kujiviringa kama konokono. Mmoja ametanguliza tumbo, nikampa jina la mwalimu wetu. (Karatasi hii isimfikie, tafadhalini.)

Basi. Juzi Bibi alikuwa na homa, anangoja kombe kutoka kwa mwalimu. Mnajua tena, aya za zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa.

Mzungu naye vyombo vyake vilikuwa vimejaa, akaazima sahani kwetu. Nyeupe. Akamimina humo matope ya Mbegani yaliyokwisha suuzwa, maji mekundu kidogo. Nzi wengi, nikaifunika kawa, nikaiweka ukumbini penye baridi. Nikajiona fundi.

Kurudi, sahani tupu. Bibi anajifuta mdomo.

"Mume wangu," ananiambia mimi mjukuu wake, "kombe la leo lina mchanga. Mwalimu wenu siku hizi anaandikia ufukweni?"

Nikashuka mbio kwa Mzungu.

"Bwana, rangi yako ina sumu? Bibi amekunywa!"

"Amekunywa? Wanyama wote?"

"Wote!"

"Rangi si kitu, hatakufa. Lakini wanyama wangu!" Akashika kichwa.

Mimi sikumwamini. Nilikaa miguuni pa Bibi nikisoma kila sura niliyohifadhi. Hazikuwa nyingi, kwa hiyo nilirudia. Msicheke, nilikuwa nalia.

Alasiri jasho likamtoka. Homa ikashuka. Akaitisha wali na samaki, akanigombeza kwa kusoma puani.

Hapo ndipo nikamwambia alichokunywa.

"Nimekula pweza tangu sina meno mpaka sasa sina tena," akajibu. "Hao wa kutafutwa kwa kioo watanifanya nini?"

Mzungu akaja mlangoni na adabu zake, akauliza sasa aandike nini juu ya Mbegani.

"Andika wapo," Bibi akasema. "Ila wamehamia kwangu."

Kombe lenyewe lililetwa magharibi. Akalinywa nalo, na mwalimu anatangaza mji mzima kwamba dawa ni yake.

Nilichojifunza: ukifunika sahani, sema pia kilichomo.

Haya wakuu, nafasi ipo hapo chini, andikeni. Homa ilishushwa na nani? Dua zangu, au yule mwenye jicho moja? Mzungu kesho anakwenda tena Mbegani, na Bibi ameshaagiza sahani yake ya pili.