Watoto Wasio na Kijiji

Kila mtoto aliyepotezana na wazazi vitani alionekana kwenye tovuti yetu ya kutafuta jamaa hapa mjini Baraka bila jina wala kijiji. Mkosaji ni mimi, fundi wa programu wa kujisifu. Klasi ya Mtoto hurithi klasi mzazi, na konstrakta ya mzazi, yaani kipande cha programu kinachojaza taarifa za mwanzo, ndiyo iliyojaza jina na kijiji. Katika klasi ya Mtoto niliandika konstrakta mpya ya kuweka picha, nikasahau kuiita ile ya mzazi, nikajipongeza kwa chai. Wasafirishaji bandarini hawakuona vijiji vya kuwarudisha, wakawapakia watoto wote kwenye boti ya Uvira.

Mama mmoja wa Lweba akaja ofisini. "Papa, mutoto yangu iko wapi?"

Niliongeza mstari uliokosekana. Binti yake akatokea kwenye skrini: Furaha, Lweba.

"Lweba iko hapa tu. Juu ya nini balimupeleka Uvira?"

Nikamweleza. Kisha nikapiga simu Uvira. Hadi sasa haijapokelewa.